Vinyago vya Angani

Enid Skelton alilala chali juu ya turubai, chini ya bawa la kushoto la ndege, akachomeka sindano ya saba ya kufumia kwenye tundu la saba. Ilikuwa asubuhi ya Februari, mwaka wa tano wa vita, na baridi ya Lincolnshire ilikuwa ya kuuma vidole. Ukungu ulikuwa umefunika uwanja mzima. Hata shamba la kabichi la Mzee Codd, lililopakana na maegesho, halikuonekana, ingawa harufu yake ilifika.

Ndege yenyewe ilikuwa Lancaster ya injini nne, iliyobeba watu saba na mabomu kwenda Ujerumani usiku na kurudi alfajiri, Mungu akipenda. Wote waliiita K, kwa herufi iliyopakwa ubavuni. Enid alikuwa fundi bati wake. Kabla ya vita alikuwa akitengeneza ndoo za maziwa katika karakana ya mjomba wake mjini Louth. Alipojiunga na jeshi la wanawake walimpa mkasi wa bati na drili, wakamwambia kazi ni ileile, ila ndoo za hapa zinaruka.

Alikuwa ameiona K ikirudi katika hali za kila namna. Iliwahi kurudi kwa injini mbili. Iliwahi kurudi bila nusu ya mkia, na rubani akateremka akiuliza kama chai bado ipo. Ilikuwa ndege ngumu, na Enid aliipenda kwa ugumu wake, kama watu wanavyompenda punda mkaidi. Lakini safari hii ilikuwa imerudi na matundu kumi na moja bawani, na kati ya watu saba hakuna aliyeona lolote. Walisikia mtatariko tu, kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati, halafu kimya. Matundu sita yalikuwa yamepita katikati ya tangi la petroli. Tangi lilikuwa tupu. Fundi wa safari alikuwa amemaliza kulitumia dakika kumi kabla.

Sajini Hallam, mkuu wa mafundi, alikuja na baiskeli yake, akainama bila kushuka, akasema hivyo ni vipande vya makombora ya mizinga ya kutungulia ndege. Mizinga iko chini, matundu yameingia kutokea chini, hakuna cha kushangaza. Akamwambia azibe.

"Afande, naomba uje huku chini kidogo."

"Nina magoti ya miaka hamsini na mbili, binti."

"Nitakuvuta nikimaliza."

Hallam alishuka, akajikunja mpaka akalala ubavuni mwake, kiko kisicho na moto mdomoni. Enid akamwonyesha. Kipande cha kombora huchana bati ovyo, kimoja kikubwa kama kiganja, kingine kama ukucha, kila kimoja na njia yake. Haya yalikuwa ya mviringo, ya upana mmoja, kingo zimekunjamana kwenda juu. Na sindano, ambazo Enid, mbali na zake mbili, alikuwa ameziomba kwa wanawake wa banda lake mmoja mmoja kwa ahadi ya kuzirudisha kabla ya Ijumaa, zilikuwa zimepita bati la chini na la juu, na zote kumi na moja zilikuwa zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mtu akizifuata kwa jicho kwenda chini, zilielekea mahali pamoja: nyuma kidogo ya bawa, chini ya tumbo la ndege, karibu sana.

"Alikaa pale," Enid alisema. "Taratibu, bila haraka, akapiga kwenda juu."

Hallam aliondoa kiko mdomoni. "Hakuna ndege ndogo ya kivita inayopiga kwenda juu. Bunduki zao ziko mbele."

"Sisi hatuna. Wao sijui."

Yule mzee aliitazama sindano ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaanza upya. Alipotoka chini ya bawa hakutaka kuvutwa. Alisema ataacha bawa wazi mpaka kesho, kwa kuwa kwa ukungu ule hakuna atakayeruka, na kwamba atakwenda kuzungumza na Luteni Ambler, afisa wa habari. Hakusema kwa sauti ya mtu anayetumaini makubwa.

Enid alibaki pale, na ndipo neno lile lilipomjia.

Kambini walikuwa na neno lao, vinyago. Mwaka uliopita Luteni Ambler, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla ya vita na bado alishika kalamu kama anayesahihisha madaftari, aliwaeleza marubani kwamba Wajerumani wana kombora la pekee. Linapasuka angani kwa moto mkubwa na moshi mweusi na taa za rangi, mfano wa ndege inayolipuka, kusudi liwatishe waliobaki. Ni kama kinyago cha matambara anachosimamisha mkulima shambani kutishia kunguru, alisema. Msikitazame, songeni mbele. Neno likapendwa siku hiyohiyo. Tangu hapo mtu akiona duara la moto gizani alisema kwenye simu ya ndani, "Kinyago, kushoto," na wenzake wakashusha pumzi. Asubuhi, wakinywa chai mbele ya meza ya Ambler, walisema vinyago vitatu, vinyago vitano, naye akaandika.

Sasa Enid alilala akitazama tangi lililotobolewa mara sita, akajiuliza: kama lingekuwa limejaa, watu wa ndege za jirani wangeona nini. Wasingeona risasi zikirushwa, wala wasingeona mapambano. Wangeona duara la moto limezuka gizani ghafla, lenye moshi mweusi na taa za rangi.

Akaanza kuzichomoa sindano, kisha akaacha. Akazirudisha.

Aliyekuwa moyoni mwake wakati huo ni Cyril Pask. Pask alikuwa mpiga bunduki wa mkiani wa K. Kwa muda wa saa nane kila safari alikaa peke yake katika kibanda cha kioo nyuma kabisa ya ndege, bunduki nne mbele yake, akitazama walikotoka. Mwenyewe alisema bunduki zile ni za kujipa moyo. Risasi zake zilikuwa ndogo, na mzinga wa adui ungemfikia kabla hajamfikia adui. Silaha yake hasa ilikuwa macho. Akimwona mwindaji, yaani ndege ndogo ya adui, mapema hupiga kelele "Kizibuo kushoto," au kulia, na rubani huitumbukiza ndege na kuizungusha kama kizibuo kinavyoingia kwenye chupa, mpaka mwindaji awapoteze. Hivyo ndivyo K ilivyoponyoka mara nne. Lakini kutoka kibandani mwake Pask hakuweza kuona chini ya tumbo. Hakuna mtu ndani ya K aliyeweza.

Pask alikuwa wa Grimsby, na kabla ya vita alikausha samaki kwa moshi pamoja na rafiki yake Lol Overton. Walijiandikisha siku moja, wakawa wapiga bunduki pamoja, wakaletwa kambi moja, Lol akapangiwa ndege iliyoitwa D. Wiki tatu zilizopita D haikurudi. Usiku huohuo Pask alikuwa ameona kinyago upande wa kulia, na hakuna aliyeiona D ikianguka. Basi kila Jumapili alimwandikia mama yake Lol kwamba Lol bila shaka aliruka kwa parachuti, na kwamba wafungwa huchelewa kuandika. Enid ndiye aliyezipeleka barua zile posta kwa baiskeli, kwa sababu Pask alisema zikienda kwa mkono wa mwanamke zinafika haraka.

Kumwambia aangalie chini ilikuwa ni kumwambia kwa nini. Na akiambiwa kwa nini, angejua alichokiona wiki tatu zilizopita.

Hallam alirudi mchana na jibu alilolitarajia. Luteni Ambler alikuwa amemsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema sindano za kufumia si ushahidi, na watu waliobakiza safari saba kati ya thelathini za zamu yao hawahitaji kuongezewa hofu. Lakini Hallam alikuwa na lake. Chini ya tumbo la K palikuwa na tundu la zamani, la bunduki iliyoondolewa kupunguza uzito, na tundu lile lilikuwa limezibwa kwa bati na ribiti, misumari ya kushikisha bati, kumi na nne. Bati huwa linaoza, alisema akitazama pembeni. Fundi akiliona limeoza, na asipate bati jipya, na akaweka kioo cha plastiki kwa muda, mkuu wake anaweza asigundue kwa siku kadhaa.

"Ila kioo peke yake ni bure," aliongeza. "Mtu alale pale atazame. Na rubani ainamishe ndege kila baada ya dakika chache, waone upande wa chini. Inachosha, inapoteza muda. Rubani Rudkin hatakubali kwa maneno yangu. Anamsikiliza Pask."

"Najua," Enid alisema.

"Umwambie wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Pask alikuja saa tisa, mikono mfukoni, ameleta mkate uliopakwa mafuta ya nyama ndani ya karatasi. Aliona sindano, akacheka. Akauliza kama bawa sasa linafumiwa sweta, na soksi yake ya pili iko wapi, maana alikuwa amepewa moja wiki iliyopita, na kule mkiani miguu ya mtu ni miwili. Enid akamwambia sindano zote ziko kazini. Akamwomba alale juu ya turubai.

Alimweleza kama alivyomweleza Hallam, taratibu, akianza na umbo la matundu. Pask hakuwa mjinga. Kabla Enid hajafika kwenye sindano ya mwisho aliacha kutafuna.

"Yuko chini yetu," alisema. "Anapanda kama mtu anayepanda ngazi, ananilenga nami nimekaa natazama nyuma kwa utulivu kama kasisi kanisani."

"Hakulengi wewe. Analenga tangi."

"Na tangi likiwa limejaa?"

Enid alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi, akayakosa. Ukungu ulitiririka matone kwenye ukingo wa bawa. Pask alinyosha mkono, akaigusa sindano moja kwa ncha ya kidole, ikatetemeka kidogo ikatulia.

"Kilikuwa upande wa kulia," alisema baadaye. "D ilikuwa upande wetu wa kulia. Niliiona taa yake wakati tunapita pwani, nikasema, huyo Lol hata kuzima taa hajui. Halafu nikaona kinyago. Nikawaambia wenzangu kwa sauti ya juu kabisa, kinyago, msijali."

"Pask."

"Nilisema msijali."

Alitoka chini ya bawa, akajipangusa magoti, akasimama akimpa mgongo. Enid naye akatoka. Alitamani amshike mkono, lakini mikono yake ilikuwa na grisi, na hakujua kama angependa.

"Ungeweza kungoja," Pask alisema bila kugeuka. "Safari saba tu. Ningemaliza nikiwa sijui."

"Sikuwa na uhakika ungemaliza."

Alikwenda zake kwenye ukungu. Mkate wake ulibaki juu ya gurudumu. Enid aliuzungushia karatasi vizuri, akauweka kwenye kisanduku cha vifaa, akalala tena chini ya tumbo la ndege, akaanza kukata vichwa vya ribiti kimoja kimoja. Alifanya kazi ile kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Kama Pask asingesema neno kwa rubani, kioo kile kingekuwa dirisha la kuangalia mawingu tu. Lakini alitaka liwe safi, bila mkwaruzo, iwapo atasema.

Hakusema siku hiyo. Asubuhi iliyofuata ukungu ulianza kupungua, na Hallam akatuma ujumbe kwamba bawa lizibwe kabla ya saa sita, kwa maana huenda jioni kukawa na safari. Enid aliichomoa sindano moja. Alikuwa ameshika ya pili aliposikia miguu mingi kwenye zege.

Walikuwa saba. Mbele alikuwa Rudkin, rubani, kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye wote sita walimwita Nahodha, hata wale waliomzidi umri. Nyuma kabisa alikuwa Pask, macho mekundu.

"Waonyeshe," alimwambia Enid.

"Moja nimeshaitoa."

"Irudishe."

Akairudisha. Wakalala chini wawili wawili, maana nafasi haikutosha, na kila wawili walipotoka hawakuwa na utani. Rudkin alilala peke yake, mwisho, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka aliuliza kitu kimoja tu: akiinamisha ndege kila baada ya dakika tano, kushoto kisha kulia, je, Pask ataweza kuona? Pask alisema ataona, ila si chini ya tumbo kabisa. Hapo Enid akawaonyesha kioo.

Idris Probert, mdondosha mabomu, Mwelshi mnene ambaye hakuwa na kazi mpaka ndege ifike, alichungulia na kusema kazi ya kulala kifudifudi kwa saa tatu anaiweza vizuri kuliko mtu yeyote nchini, ila aletewe mto. Wakacheka, kicheko kidogo. Msoma ramani akalalamika kwamba ndege ikiyumba hivyo penseli zake zitaanguka. Rudkin akamwambia azifunge kamba.

Jioni lori liliwaleta. Anga lilikuwa safi kabisa. Walifanya walivyofanya siku zote: wakajipanga kuzunguka gurudumu la mkia wakalikojolea kwa ajili ya bahati, huku Enid akitazama shamba la Mzee Codd kama mtu anayehesabu kabichi. Walikuwa wamekula yai la kabla ya safari, na waliahidiwa jingine wakirudi, anasa ambayo raia hawakuiona kwa wiki nzima. Probert akamwuliza Pask swali lililoulizwa kila jioni katika kila kambi ya Lincolnshire.

"Pask, usiporudi, yai lako nile mimi?"

Kwa kawaida Pask alimjibu tusi. Safari hii alimtazama Enid.

"La," alisema. "Langu la kesho nimeshamwahidi mtu."

K iliruka ya kumi na mbili kati ya ndege kumi na nne. Enid alizihesabu, kama walivyozihesabu wote, kisha akarudi bandani, akarudisha sindano kwa wenyewe. Alibaki na mbili zake. Alijaribu kufuma, akafumua, akalala na ovaroli yake.

Kulipopambazuka zilikuwa zimerudi kumi na mbili. K ilikuwa ya tisa. Enid aliizunguka na tochi, kisha bila tochi, akapapasa bati kwa viganja vyote viwili kutoka pua mpaka mkia. Hakupata tundu hata moja.

Pask alikuja saa moja na nusu, uso bado una alama za barakoa ya hewa, ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani. Ndani mlikuwa na yai la kukaanga, kama mayai ya kukaanga yanavyokuwa yakibebwa nusu maili kwenye baridi. Waligawana kwa bisibisi iliyofutwa kwenye ovaroli, na huku wakila akamweleza.

Probert ndiye aliyemwona. Kivuli, alisema, kivuli juu ya wingu, kisha kivuli kikawa na mabawa, kikaja kimetulia chini yao kama mbwa anayefuata baiskeli. Probert alisahau hata maneno yenyewe, akapiga kelele "Chini, chini," na Rudkin akatumbukiza K kushoto kwa nguvu hata penseli za msoma ramani zikakatika kamba. Walipoinuka hapakuwa na kitu. Dakika chache baadaye, mbali upande wa kulia, Pask aliona duara la moto.

"Hakuna aliyesema neno," alisema. "Nikasema mimi. Nikasema, ndege. Ndege yetu moja, saa tano na dakika arobaini na mbili. Msoma ramani akaandika saa na mahali, na nyingine ilipozuka baadaye, hiyo pia. Nikaziombea. Nilikuwa sijawahi kumwombea mtu yeyote kule, Enid. Wote wale, hakuna aliyewaombea, kwa kuwa tulisema ni matambara."

Mbele ya meza, Luteni Ambler alikuwa ameuliza kama kawaida, kalamu tayari: vinyago vingapi? Pask alimjibu kwamba havikuwepo. Ndege mbili, afande, saa zake hizi hapa. Ambler akasema kwa upole kwamba huenda amechoka. Ndipo Rudkin alipovua glavu, akaziweka mezani, akasema watu saba wa K hawatalitumia tena neno lile. Probert akachora kivuli alichokiona nyuma ya fomu, na kikombe cha Ambler kikapoa.

"Kaandika?" Enid aliuliza.

"Sikungoja kuona. Yai lilikuwa linapoa."

Enid aligeuka kusikia kengele ya baiskeli. Luteni Ambler alikuwa anakuja polepole kwenye zege, kofia kwapani, uso wake umezeeka tangu juzi. Aliegemeza baiskeli kwenye gurudumu la mkia la K, mahali ambapo asingeiegemeza kama angejua desturi ya jioni, na wote wawili wakanyamaza kwa heshima. Alimwuliza Enid kama zile sindano bado zipo. Enid akasema bawa limeshazibwa, lakini bati alilolikata liko karakanani, na mahali pa kila tundu na mwelekeo wake amevichora kwa chaki ukutani, kwa vipimo.

"Niliyoambiwa kutoka juu mwaka jana niliyaamini," Ambler alisema. "Nilitaka mno kuamini. Nadhani ndiyo maana sikuuliza." Alitoa fomu mfukoni. Juu ya neno lililopigwa chapa, vinyago, alikuwa amepitisha mstari mmoja ulionyooka, mstari wa mwalimu, na pembeni ameandika kwa mkono: ndege, mbili. "Nitaipeleka makao makuu leo. Sijui watasema nini. Ningependa niende na bati lako, na michoro, na kama hutajali, niende nawe."

Enid alisema atanawa mikono kwanza.

Alipokuwa anaondoka Pask alimwita. Alikuwa amekaa juu ya kisanduku cha vifaa, karatasi gotini.

"Niazime penseli yako ya kupimia bati. Leo si Jumapili, lakini nataka kumwandikia Mama Overton." Aliitazama karatasi. "Nilimwambia hakuna aliyeona. Sijui nianzie wapi."

Enid alimpa penseli. Alifikiri kidogo.

"Anza na ile taa," alisema. "Kwamba uliiona taa yake mkipita pwani, ukamcheka."

Pask alitikisa kichwa kukubali, akailamba ncha ya penseli, akainama.